Forodhani: palipotozwa ushuru, sasa hupungwa upepo

Mwezi wa Januari na Februari joto la Unguja huingia mpaka ndani ya kuta za mawe na chokaa, kuta zenye unene wa dhiraa na zaidi. Ikifika alasiri, hata zile baraza za vichochoroni zilizozoea kutuhifadhi hugeuka jiko. Kaskazi inavuma, lakini inavuma juu ya mapaa. Huku chini, baina ya nyumba na nyumba, haifiki. Hapo ndipo watu wa Mji Mkongwe, na wa Ng'ambo pia, wanapofanya lile walilolifanya wazee wao: wanaoga, wanabadilisha nguo, wanawashika watoto mkono, wanateremka pwani kupunga upepo. Haihitaji mkoba wala nauli. Kwetu ni mwendo wa dakika kumi.

Nilianza kuteremka Forodhani, bustani yetu ya pwani, nikiwa mdogo, nimeshikilia upindo wa buibui la bibi yangu. Bibi alikuwa na taratibu zake. Maandazi yalitoka nyumbani, ndani ya kikapu, na kilichonunuliwa kilikuwa kimoja tu: gilasi ya maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, tukinywa wawili. Tulikaa ukutani tukiielekea bahari mpaka jua lizame, adhana ya magharibi ikilia tunainuka. Kwa miaka mingi sikujiuliza kwa nini bustani, mahali pa raha, iitwe kwa jina la kazi ya kukusanya kodi.

Jina ni kumbukumbu. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru, na katika karne ya 19, ufukwe huu ulio mbele ya Ngome Kongwe ndio uliokuwa mlango wa mali yote ya Unguja. Masultani hawakuukusanya ushuru kwa mikono yao. Waliukodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa miongo mingi forodha ilishikwa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Pembe za ndovu kutoka bara, sandarusi, karafuu za mashamba ya Unguja na Pemba, majora ya merikani yaliyoletwa na meli za Wamarekani, vyote vilipita hapa vikapimwa na kuandikwa. Kaskazi ilipoanza ziliingia jahazi za Uarabuni na Ghuba, zimejaa tende na papa, na mji ukafurika wageni. Msimu wetu wa kupunga upepo ndio uliokuwa msimu wao wa kazi.

Na watu nao walipita hapa. Watumwa walioteremshwa kutoka majahazini walihesabiwa na kulipiwa ushuru kwa kichwa, kama bidhaa, hata Juni 1873 Sultan Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini. Nalisema hili kabla sijafika kwenye mishkaki, kwa sababu mwenyeji anayempeleka mgeni Forodhani akamwonyesha majiko tu amemwonyesha nusu ya mahali. Mimi kila nikikaa pale nageuka kwanza kuutazama mchanga.

Kinachofuata wengi wanakijua. Mwaka 1883 Barghash alisimamisha jumba la Beit al-Ajaib, lenye nguzo zake ndefu na taa za umeme ambazo watu walikuwa hawajaziona. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikaipiga pwani hii kwa mizinga, muda usiotimia hata saa moja, kumng'oa Khalid bin Barghash kitini. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, kasri ya Beit al-Hukm ikavunjika, na mnara uliokuwa umesimama mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika vibaya.

Lililonishughulisha zaidi ni la miaka tisa baadaye, nalo ni gari la moshi. Mwaka 1905 Unguja ilipata reli ya Bububu, na kituo chake cha mjini kilikuwa hapa hapa, ubavuni mwa Ngome. Kampuni ya Kimarekani iliitandika kupitia vichochoro vya mji hadi Bububu, kiasi cha kilomita 11, na treni ilipita karibu na milango ya nyumba kiasi kwamba aliyekaa barazani alipaswa kuvuta miguu. Kwa watu wa mjini ulikuwa ni mlango wa kwenda kutembea mashambani, kwenye chemchemi na minazi, na kurudi siku hiyo hiyo. Husimuliwa kwamba Bububu ilipata jina lake kutokana na mlio wa treni hiyo. Hadithi ni tamu, nami nimeisimulia mara nyingi kwa watoto, lakini haiwezi kuwa kweli: Sayyida Salme, bintiye Sultan Said, aliyekuja kujulikana kwa jina la Emily Ruete, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, wakati reli hiyo ilikuwa haijaanza kujengwa. Treni yenyewe haikuishi sana. Motokaa zilipozidi, ikafungwa, na leo reli zake huzioni tena mjini.

Katika miaka ya 1920 bandari ikajengwa upya Malindi, na forodha ikaifuata. Ufukwe ukabaki na mabanda yasiyo na kazi. Serikali ikayabomoa, ikapanda majani na miti, ikajenga banda la kupigia muziki, na katikati ya miaka ya 1930 ikaipa bustani jina la jubilei. Sultan Khalifa bin Harub alikuwa ametawazwa mwaka 1911, na mwaka 1936 akatimiza miaka 25. Kwenye ramani ikaandikwa Jubilee Gardens. Midomoni mwa watu ikabaki Forodhani, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 lile jina la ramani likaondoka na waliolileta. Forodha haikuwapo tena tangu miaka arubaini, lakini jina lake halikutikisika.

Lipo pia tao jeupe karibu na gati dogo. Lilijengwa kwa ajili ya Princess Margaret, mdogo wake aliyekuwa malkia wa Uingereza wakati huo, alipozuru Unguja mwaka 1956, apite chini yake akishuka mashuani. Husimuliwa kwamba mwishowe aliteremkia pahala pengine. Ng'ambo ya barabara, ndani ya Ngome Kongwe iliyokuwa imewahi kuwa gereza, ua ulikarabatiwa mwaka 1949 ukawa kilabu cha tenisi cha wanawake: mabibi wa buibui waliokuwa wakicheza mpira nyuma ya kuta ambazo Waomani walizisimamisha baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kila nikipita nikasikia ngoma za tamasha la Sauti za Busara zikipigwa humo mwezi wa Februari, huwakumbuka mabibi wale. Na wao walitoka kwenda kupunga upepo, kwa namna yao.

Majiko ya usiku, ambayo wageni wengi hudhani ndiyo Forodhani yenyewe, yalikua kidogo kidogo. Bibi yangu alizoea seredani chache na koroboi: muhogo wa kuchoma, ndizi, pweza aliyechemshwa na kukatwakatwa. Kisha utalii ulipopanuka katika miaka ya 1980 na 1990, meza zikaongezeka, zikapangwa kamba na ngisi kwenye vijiti, na ukatokea ule mkate wa kukaanga unaofungwa nyama, yai na vitunguu ambao siku hizi huitwa pizza ya Zanzibar. Pizza ya Kitaliani si ndugu yake. Aliyewahi kula mutabbaq kule Yemen au Hijazi akiula atamtambua jamaa yake mara moja. Urojo nao upo, ila kwa maoni yangu urojo wa kweli, mzito kwa embe mbichi na ukali wa pilipili, unapatikana vichochoroni alasiri, kwa mama anayeujua mtaa wake, si pale usiku.

Bustani ilipofika miaka ya 2000, wakati Mji Mkongwe umeshaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ilikuwa imechoka. Mvua ikinyesha panatuama, ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi, taa hakuna. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliifunga ukaijenga upya, na Julai 2009 ikafunguliwa na mifereji mipya, taa, njia za mawe na sehemu ya watoto kuchezea. Niliogopa wakati ule. Niliogopa lango, tiketi na mlinzi wa kuuliza unakwenda wapi. Haikuwa hivyo, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko taa zote: mtu wa Michenzani kule Ng'ambo na mtu wa Shangani ya Mji Mkongwe wanaingia bila ya kulipa, wanakaa ukuta mmoja. Bei za mezani ni habari nyingine. Kamba anayeuzwa kwa mgeni hana bei ya mwenyeji, na mwenyeji mwenye watoto wanne hupita mbali na meza zile, akawanunulia muhogo na maji ya miwa. Natamani wanaosimamia bustani wakumbuke familia ile kila wanapogawa nafasi, kwa sababu ndiyo inayokuja wakati wa masika pia, wageni wakiwa hawapo.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka ikiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilikwenda siku ya pili. Watu walisimama majanini kimya, wameigeukia nyumba badala ya bahari, jambo ambalo sikuwahi kuliona pale.

Anayetaka kuiona Forodhani katika uzuri wake na autazame mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi jioni, nayo ndiyo saa ya makachu. Vijana hurudi nyuma mpaka katikati ya njia, hukimbia peku, huuruka ukuta, hujipindua hewani mara moja, mara mbili, wakaanguka majini, na wadogo zao huhesabu kwa sauti. Wiki inayofuata maji yakiwa mafu, jioni panaonekana miamba na mchanga, wala hakuna anayeruka. Wao hawatazami kalenda. Huchungulia tu pale chini ya gati, kwenye alama ya majani ya baharini, wakajua kama ni leo au wangoje.