"Fundi, Usizime": Historia ya diski inayobadilishwa mashine ikiwaka

Jioni kwenye vibanda vya kunakili filamu mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kauli inayosikika kuliko kuulizana bei ni hii: "Fundi, usizime." Mwenye kuisema mara nyingi ametoka Koboko, mfukoni ana diski ya laptopu aliyoivingirisha kwa soksi, na stendi kuna teksi inayokaribia kujaa. Fundi naye hazimi. Mfuniko wa kompyuta yake uling'olewa siku nyingi na haurudi tena, nyaya mbili zinaning'inia ubavuni kama utumbo wa kuku. Anaiamuru mashine iiachie diski ya mteja aliyetangulia, anaishika kwa vidole kusikiliza mvumo wake ukifa, anachomoa, anachomeka ya huyu wa Koboko. Kwenye kioo filamu aliyokuwa akiitazama haijakatika hata kidogo.

Tendo hilo la nusu dakika lina historia yenye kwenda na kurudi. Diski ya kwanza ya kompyuta, RAMAC ya IBM, ilitoka mwaka 1956 ikiwa na sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, nazo zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5. Kuichomoa hakukumjia mtu akilini, kwa kuwa ilikuwa na uzito wa karibu tani nzima. Miaka 6 baadaye, mwaka 1962, IBM hiyo hiyo ikaleta diski ya 1311: sahani 6 zilizofungwa furushi moja la kilo 4 na nusu hivi. Mhudumu alisimamisha injini ya diski, akafungua mfuniko, akatoa furushi, akaweka jingine, na kompyuta yenyewe haikuzimwa. Anayedhani kubadili diski mashine ikiwaka ni ukorofi wa vijana wa leo amechelewa miaka 60.

Uhuru huo ulipotea kompyuta zilipoanza kuwa za watu wa kawaida. Mwaka 1980 kampuni iliyokuja kuitwa Seagate ilitoa diski ya ST-506, ndogo ya kutosha kukaa ndani ya kompyuta ya mezani, na humo ndani ikakazwa kwa skrubu. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 ukaja mfumo wa IDE, na waya wake mpana kama ukanda ambao kila fundi wa makamo anaukumbuka. Plagi yake ilikuwa na nafasi 40 za pini, na pini zote zilikuwa na urefu mmoja. Tatizo lilikuwa hapo hapo. Ukichomeka mashine ikiwaka, hakuna ajuaye pini ipi itagusa kwanza. Umeme wa ishara unaweza kutangulia kabla ya waya wa ardhi, ule mafundi wauitao ethi, ukatafuta njia mahali pasipo pake. Na hata usipounguza kitu, kompyuta ilihesabu diski zake mara moja tu, wakati wa kuwaka. Mgeni aliyeingia baadaye hakutambuliwa.

Mimi nilijifunza hilo kwa gharama. Diski niliyoichomeka hivyo ilitoa mlio mmoja mkavu na harufu ya plastiki, na picha za harusi ya dada yangu zikaenda nayo. Mpaka leo hajaacha kuniuliza.

Huko kwenye mabenki mambo yalikuwa mengine. Kampuni ya Tandem ya Marekani ilianza kuuza mwaka 1976 kompyuta zilizoundwa ili kipuri kibadilishwe kazi ikiendelea, kwa sababu benki ikisimama, fedha zinasimama. Hiyo ilikuwa sababu ya matajiri. Sababu ya Arua ilikuwa stima. West Nile, eneo zilipo Arua na Koboko, ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa miaka mingi. Kampuni ya WENRECo ilipopewa mkataba wa kusambaza umeme mwaka 2003, jenereta lake liliifanya Arua, jiji la leo, wakati huo mji tu, izoee saa 18 za umeme kwa siku, na hizo zilionekana neema. Bwawa la Nyagak karibu na Paidha, la megawati 3.5, lilichelewa hata likaanza kazi mwaka 2012. Huko Koboko jenereta na sola viliendelea kubeba mzigo. Ukiwa na umeme wa kuhesabu, kuzima kompyuta kuukuu na kuiwasha upya ni dakika zinazoliwa bure, na kila mteja mpya anazila tena.

Mwaka 2003 huo huo, mbali kabisa na West Nile, wahandisi walichapisha kanuni za plagi mpya, SATA. Iokote diski yoyote ya miaka hii uitazame kwa karibu, upande wa dhahabu. Pini 7 ni za data na 15 za umeme. Plagi inayopachikana nayo ina pini ndefu na fupi, tofauti isiyofika milimita moja. Zile za ardhi zinatangulia, zinafuata za kuingiza umeme polepole, kisha zilizobaki. Mkono wa mtu, hata wenye haraka ya teksi, hauwezi kuvuruga mpangilio huo.

Lakini plagi peke yake haikutosha, na hapa ndipo mafundi wengi walipoteseka bila kujua. Windows XP haikuufahamu mfumo wa AHCI, unaoiwezesha kompyuta kumpokea mgeni akiwa mlangoni. Ukiiweka XP kwenye mashine yenye AHCI, ilianguka kwa kioo cha buluu, basi fundi aliingia kwenye mipangilio ya mwanzo ya mashine akachagua IDE, akapata amani. Kwa kufanya hivyo aliirudisha SATA miaka 20 nyuma. Linux ilipata uwezo huo wa kumpokea mgeni mwaka 2006. Upande wa Windows watu walisubiri Vista, mwaka 2007.

Mtu atauliza: kwa nini usitumie kikasha cha USB? Piga hesabu. USB 2.0 hupitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 100 za filamu zinataka karibu saa nzima. Diski hiyo hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye SATA humaliza kwa dakika 20 au pungufu. Teksi ya Koboko haingoji saa.

Sasa nyaya za gridi ya taifa zimefika West Nile, na laptopu mpya zinakuja na diski bapa za NVMe, ndogo kama kipande cha chingamu, zinazolala ndani ya mashine zikiwa zimebanwa kwa skrubu moja. Huwezi kuichomoa diski hiyo laptopu ikiwaka na ukategemea ipone. Mteja akija nayo na kusema yale maneno yake, fundi anachukua bisibisi, anaiweka mezani, halafu anabonyeza kitufe cha kuzima.