Kwaresima: Neno la Hesabu, Historia ya Ubatizo

Katika somo la maneno ya kukopa, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini Wakristo wetu husema mara Kwaresima, mara mfungo. Swali hilo la msamiati latupeleka mbali katika historia.

Kwaresima ni neno la asili ya Kilatini, quadragesima, yaani «ya arobaini», nalo lafuata tessarakoste la Kiyunani, ambalo kanuni ya 5 ya Mtaguso wa Nisea (325) yalitaja kama jambo linalojulikana tayari. Mfungo latokana na kitenzi kufunga, kilichotumika pwani kwa saumu ya Waislamu kabla ya wamisionari kufika. Neno la kwanza lahesabu siku, la pili lataja tumbo. Na hata hesabu haikutulia upesi: mwishoni mwa karne ya 6 Papa Gregorio Mkuu bado alihesabu siku 36 za kufunga, akaziita zaka ya mwaka, zile nne zinazoanza na Jumatano ya Majivu ziliongezwa baadaye.

Lakini kiini hakikuwa hesabu wala njaa. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4, ameeleza aliyoyaona. Kwaresima ilipoanza, walioomba ubatizo waliletwa mmoja mmoja mbele ya askofu, naye aliwauliza majirani: Je, mtu huyu aishi vema? Aheshimu wazazi wake? Si mlevi? Aliyeshuhudiwa vizuri, askofu aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Kisha, kila siku ya mfungo, alifundishwa Maandiko kwa muda wa saa tatu. Kwaresima ilikuwa shule, na mlango wake ulilindwa na majirani.

Ubatizo wa watoto wachanga ulipoenea, shule hiyo ilififia, ikabaki toba. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, alidai upya ukatekumeni mrefu, wa miaka minne, na sharti hilo lilifika kwetu pamoja na mapadri waliopokea kituo cha Mpala, kando ya Tanganyika, mwaka 1885. Mtaguso wa Vatikano II, katika hati yake juu ya Liturujia (4 Desemba 1963), uliunganisha tena ubatizo na toba katika Kwaresima, ukaongeza kwamba toba isiwe ya moyoni na ya mtu binafsi tu, bali pia ya nje na ya kijamii. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alipunguza siku za lazima za kufunga, zikabaki mbili.

Hata hivyo neno mfungo laendelea kututawala. Katika miji yetu, ambamo jamaa nyingi hula mara moja kwa siku, kumwambia mama mmoja «funga» ni kumwamuru jambo ambalo umaskini umekwisha kumtendea. (Nimewahi kusikia mahubiri marefu juu ya nyama, mbele ya watu wasioiona mezani mwaka mzima.) Maswali ya Yerusalemu hayahitaji sahani iliyojaa. Yana ugumu mwingine: Egeria asema kwamba mgeni, asipokuwa na watu wanaomjua, hakuufikia ubatizo kwa urahisi. Katika parokia zetu zinazopokea waliokimbia vita, nani atasimama kumshuhudia?