Waya wa manjano: gemu za mkononi na televisheni za Kisumu

Wasomaji, leo tuiache programu kidogo tuzungumzie nyaya. Kuna swali ambalo fundi yeyote wa redio na TV mjini Kisumu ameshaulizwa, awe Kondele, Kibuye au kwenye vichochoro vya nyuma ya Oginga Odinga Street: "Fundi, hii gemu ya mkononi inaweza kuonekana kwa TV?" Swali fupi, lakini jibu lake limekuwa likibadilika kila baada ya miaka michache, na ukilifuata nyuma unajikuta unasimulia historia ya televisheni yenyewe. Basi tulifuate.

Tuanze na Game Boy ya Nintendo, mwaka 1989. Skrini yake ilikuwa na pikseli 160 kwa 144, na chipu iliziandikia pikseli hizo moja kwa moja. Hapo ndipo ugumu ulipo: mawimbi ya televisheni hayakuwahi kutengenezwa ndani ya mashine ile, kwa hiyo hakuna tundu ambalo fundi angeweza kulitoboa akayapata. Nintendo wenyewe mwaka 1994 walitoa Super Game Boy, yaani kanda ya kuchomeka kwenye Super Nintendo, ambayo ndani yake mlikuwa na vifaa vya Game Boy nzima. Uzuri wa kihandisi upo, lakini mtu wa Nyalenda angehitaji kuwa na mashine kubwa, kanda hiyo na gemu yenyewe! Sega walifanya vizuri zaidi mwaka 1995 kwa Nomad, mashine ya mkononi yenye tundu lake la kutolea picha kwenye TV, ila waliiuza Amerika Kaskazini tu. Ikala betri sita kwa pupa, ikafa.

Kwa upande wetu huku mambo yalienda njia nyingine. Gemu iliyoingia majumbani miaka ya tisini haikuwa ya Nintendo halisi bali nakala zake za kichina, zile za kanda za rangi ya manjano zilizoandikwa kwamba zina gemu mamia, ukiziwasha unakuta ni zilezile kumi na kidogo zimerudiwa kwa majina tofauti. Zilichomekwa kwenye tundu la antena, kisha mtu mmoja anazungusha kitufe cha chaneli huku mwingine anapiga kelele "hapo hapo, rudisha!" Njia hii ilifanya kazi hata kwenye Great Wall ya inchi 14 isiyo na rangi, ile iliyoendeshwa kwa betri ya gari kule ambako stima haikuwa imefika.

Nakala hizo msizidharau, kwa sababu ndizo zilizozaa jibu la bei nafuu la swali letu. Famicom ya mwaka 1983 ilikuwa na chipu ya picha ambayo yenyewe ilitoa mawimbi ya televisheni. Wachina wakaibana mashine nzima ndani ya chipu moja. Ukichukua chipu hiyo ukaiwekea skrini ndogo na betri, unapata gemu ya mkononi ambayo bado ina mawimbi ya TV tumboni. Kumpa mnunuzi waya wa AV hakukugharimu karibu chochote. Ndiyo hiyo SUP yenye gemu 400 inayouzwa sasa kwenye meza za barabarani, na betri yake ni BL-5C, ileile ya Nokia 1100! Kwa maoni yangu mtu aliyechagua betri hiyo alilielewa soko la Afrika kuliko kampuni kubwa zote, maana betri ikifa unaipata kwenye kibanda chochote cha simu. Ubaya wake ni kwamba haihifadhi ulipofikia. Ukizima, unaanza upya.

Sasa tuje kwa PSP, ambayo ndiyo hasa inawatoa watu jasho. Sony waliitoa Japani Desemba 2004 na Ulaya Septemba 2005. Nyingi zilifika kwetu ndani ya mizigo ya ndugu walio nje, au pamoja na bidhaa za "ex-UK". Kwa macho zote zinafanana. Kwa TV hazifanani hata kidogo, na tofauti hii imewala watu pesa.

PSP-1000, ile nene ya kwanza, haina njia ya kutoa picha. Kwisha. PSP-2000 ya mwaka 2007 ilipewa njia hiyo kupitia tundu la spika za masikioni, na hapa ndipo mtego ulipo. Picha ya gemu inatoka kwa mtindo mmoja tu, ambao mistari yote 480 huchorwa kwa mfululizo. Waya wa manjano wa AV ulibuniwa kwa ajili ya televisheni za zamani zinazochora mistari isiyo shufwa kwanza kisha ile shufwa, na hauwezi kubeba mtindo ule mwingine. Kwa hiyo mtu ananunua waya wa manjano, anaona menyu inatokea vizuri kwenye TV, anaona hata filamu inacheza, anafurahi... akifungua gemu, inakataa. Anarudi dukani kugombana, muuzaji anafungua menyu, "si unaona inafanya?" Wote wawili wanasema kweli! PSP-2000 inataka waya wa component, wenye vichwa vitano: kijani, bluu na nyekundu kwa picha, nyeupe na nyekundu nyingine kwa sauti. PSP-3000 ya mwaka 2008 ndiyo iliyotatua jambo hilo, ikakubali kutoa gemu hata kwa waya wa manjano. PSP Go ya 2009 ikabadilisha tundu, na E1000 ya 2011 ikaliondoa kabisa. Yaani katika miaka saba majibu ni matano tofauti, kwa mashine zenye jina moja.

Na hata ukipata picha, usitegemee ijae. Skrini ya PSP ina pikseli 480 kwa 272, nayo inazituma kwenye TV pikseli kwa pikseli ndani ya fremu ya 720 kwa 480. Piga hesabu: gemu inakalia chini ya asilimia 40 ya picha, pembeni kote ni nyeusi. Kitufe cha kuvuta picha kwenye rimoti ya TV kinasaidia. Wenzetu wa programu za nyumbani waliandika RemoteJoy, ambayo hupitisha picha kwa USB hadi kwenye kompyuta na kuikuza huko, lakini hiyo inataka uwe na kompyuta karibu.

Wakati hayo yakiendelea, televisheni nazo zilikuwa zinabadilika chini ya miguu yetu. Rais Kibaki alizindua matangazo ya dijitali tarehe 9 Desemba 2009. Ikafuata miaka ya kesi na kuahirisha, hadi 14 Februari 2015 mitambo ya analogi ya Citizen, NTV, KTN na QTV ikazimwa na vituo hivyo vikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Kufikia 31 Machi 2015 analogi ilikuwa imezimwa nchi nzima. Tanzania walishatutangulia, Dar es Salaam ilizima tarehe 31 Desemba 2012.

Wengi walidhani siku hiyo ndiyo mwisho wa TV za kichogo. Haikuwa hivyo. King'amuzi kilikuja na waya wa rangi tatu ndani ya boksi, na kwa mara ya kwanza bibi aliyekuwa hajawahi kugusa nyuma ya TV yake akajua manjano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Mimi naona king'amuzi kiliwafundisha watu AV kuliko gemu zote zilizotangulia. Kasoro ni kwamba TV nyingi zilikuwa na tundu moja tu, na sasa lilikuwa na mwenyewe. Kila nyumba yenye watoto ikapata ugomvi mpya: taarifa ya habari au gemu?

Zile zilizotupwa, nazo, hazikuyeyuka. Kioo cha TV ya kichogo kina madini ya risasi, na mji huu umebishana kuhusu jaa la Kachok kwa miaka mingi bila watu wengi kuuliza ni nini hasa kimo ndani yake. Kwa hiyo mtu anayeifufua TV ya kichogo kwa ajili ya gemu hanikeri hata kidogo, isitoshe picha yake haicheleweshi kitufe.

TV bapa za leo ni HDMI, kiwango kilichochapishwa Desemba 2002. Component imeondolewa kwenye nyingi. AV imebanwa ikawa tundu dogo kama la spika za masikioni, na hapa jihadhari: pini yenye pete tatu haipangwi sawa na kampuni zote, mahali pa picha kwa moja ni mahali pa waya wa ardhi kwa nyingine. Ukisikia mlio mkali na picha haipo, jaribu kuchomeka kichwa cha manjano kwenye soketi ya nyekundu kabla hujatupa waya.

Kama TV haina AV kabisa, kuna visanduku vya kugeuza. Soma vizuri mshale! Kuna kinachotoa AV kwenda HDMI na kingine kinachofanya kinyume, vina umbo moja na vinakaa rafu moja. Cha AV hakitaisaidia PSP-2000, hiyo inahitaji kile cha component. Mwenye kibanda anayetoza shilingi 20 kwa mchezo, akinunua kisicho chake kwa 1,500, amepoteza michezo 75, na hiyo inaweza kuwa wiki ya mauzo ya jioni.

Upande wa visiwani, Rusinga au Mfangano, hesabu ni nyingine tena. TV ndogo za sola hutumia volti 12 moja kwa moja, PSP huchajiwa kwa volti 5, na vyote viwili huishi kwa paneli moja bila mashine ya kubadilisha umeme. Huko PSP-3000 na waya wa manjano kwenye TV ya inchi 19 yenye tundu la AV ni ukumbi kamili wa gemu. Kabla hujalipa, geuza mashine usome namba ya modeli, uliza uichomeke palepale dukani, bonyeza kitufe cha skrini kwa sekunde tano ili picha ihamie kwenye TV, kisha fungua gemu yenyewe. Menyu isikuridhishe.