Meya Aliyehesabu Maiti

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo historia yetu inatupeleka mbali, Amerika ya Kusini, katika mji wa Cali, nchini Kolombia.

Mwaka 1983, katika kila wakazi 100,000 wa Cali, waliouawa walikuwa 23. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 walishapita 80. Fikirieni kambi moja yenye watu laki moja: mnatoka misiba 23 kwa mwaka, mnafika zaidi ya 80, na wengi mnaowazika ni vijana wa kiume waliopigwa risasi. Na Cali ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu.

Kila mtu mjini alikuwa na jibu: ni wauza dawa za kulevya. Kweli, genge kubwa la kokeini lilikuwa na makao yake papo hapo. Lakini jibu hilo lilikuwa pia kisingizio. Kama wanauana wao kwa wao, sisi tufanye nini?

Mwaka 1992 mji ukapata meya mpya, Rodrigo Guerrero. Huyu alikuwa daktari, msomi wa jinsi magonjwa yanavyoenea. Akauliza kama tunavyoulizwa sisi kipindupindu kikiingia: nani anakufa, wapi, siku gani, saa ngapi?

Hakupata jibu. Polisi walikuwa na idadi yao, madaktari wa mochwari yao, mahakama nayo yake. Basi akawakalisha meza moja kila juma, mpaka wakubaliane hesabu ya wafu wa juma lile. Ni kazi ya makaratasi, inachosha, haina sifa. Anayejua foleni ya kuhakikiwa kadi ya chakula ataelewa.

Makaratasi yakafumbua macho. Vifo vingi viliangukia usiku wa mwisho wa juma, hasa baada ya mishahara. Pombe, ugomvi mdogo, na bastola kiunoni. Wengi hawakuuawa kwa amri ya tajiri yeyote wa kokeini. Walikufa kwa maneno ya kilabuni ambayo kesho yake yangesahaulika.

Meya akapiga marufuku kubeba silaha mwisho wa juma unaofuata mishahara, sikukuu na siku za uchaguzi. Hata mwenye kibali aliiacha nyumbani. Polisi wakaweka vizuizi, wakapekua.

Sitawadanganya: magenge hayakukoma, na mwaka 1994 idadi ya jumla ilikuwa bado ya kutisha. Lakini watafiti walipolinganisha siku za marufuku na siku nyingine, wakachapisha mwaka 2000, walikuta mauaji yalipungua kwa asilimia 14 Cali, na asilimia 13 katika mji mkuu, Bogotá, ulioiga. Bunduki zilikuwa zilezile na watu walewale. Kilichobadilika ni kwamba usiku ule bunduki ilikuwa sandukuni.

Huko Bogotá meya alikuwa Antanas Mockus, mwalimu wa hisabati na falsafa. Aliwaomba watu wasalimishe silaha kwa hiari, na nyingine zikayeyushwa, zikafuliwa vijiko vya kulishia watoto. Kila kijiko kiliandikwa: nilikuwa silaha.

(Muziki)