Masomo ya mtandaoni: Mhadhiri asaidiwe na nani?

MHADHIRI aliyezoea kusimama mbele ya wanafunzi 300 ukumbini huwaona kwa macho yake pale wanapoacha kumwelewa. Hurudia maelezo, akatoa mfano mwingine, somo likaendelea. Somo hilohilo likihamishiwa kwenye mtandao, nyuso hizo hazionekani tena. Kila maelekezo sharti yaandikwe mapema, na mwanafunzi aliyeko Sumbawanga, anayenunua bando la intaneti kwa fedha zake, ajue bila kuuliza kwamba wiki ya tatu anatakiwa kufanya nini na atapimwa vipi.

Kazi hiyo ya kulipanga somo kabla ya kulifundisha ni taaluma inayojitegemea, na wahadhiri wengi hawakuisomea. Mtu anaweza kuwa na shahada ya uzamivu ya kemia bila kuwahi kufundishwa namna ya kupanga somo la wiki 15. Ndiyo maana vyuo vingi huajiri wasanifu wa masomo, wanaokaa na mhadhiri na kulijenga somo pamoja naye, mada baada ya mada.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini hesabu inaukataa. Tuchukue mfano wa chuo chenye masomo 800 na wasanifu wanne. Iwapo kila msanifu atashughulikia masomo matano kwa muhula, chuo kitakamilisha masomo 40 kwa mwaka. Somo la mwisho litafikiwa baada ya miaka 20, wakati la kwanza limekwisha kupitwa na wakati.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kilijibu swali hilo kwa kuunda majopo. Wahadhiri, wahariri, wataalamu wa elimu na watayarishaji wa vipindi wa BBC waliandaa somo moja kwa pamoja. Gharama ilikuwa kubwa, ila iligawanywa kwa maelfu ya wanafunzi. Chuo chenye wanafunzi 60 katika somo hakiwezi kuiga mtindo huo.

Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga vyuo katika nchi nyingi, upungufu huo ulionekana wazi. Wahadhiri walipewa siku chache kuhamia mtandaoni. Mengi yaliyofanyika wakati huo yalikuwa kupandisha slaidi na kurekodi mihadhara ya saa mbili, jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu halistahili kuitwa usanifu.

Njia mojawapo iliyoenea ilibuniwa katika chuo cha UCL (University College London) katikati ya miaka ya 2010, nayo hujulikana kwa jina la ABC. Wahadhiri wanaofundisha somo moja hukaa mezani kwa dakika 90 tu. Kwanza huandika kiini cha somo kwa sentensi moja au mbili. Kisha hupanga kadi za rangi sita kwenye karatasi kubwa iliyogawanywa kwa wiki, kila rangi ikiwakilisha aina moja ya kujifunza: kupokea maarifa, kuchunguza, kufanya mazoezi, kujadiliana, kushirikiana na kuzalisha kazi. Aina hizo zinatokana na utafiti wa Profesa Diana Laurillard. Nyuma ya kadi kuna mifano ya shughuli za darasani na za mtandaoni, na nyota hubandikwa penye tathmini.

Faida yake huonekana haraka. Meza ikijaa kadi za kupokea maarifa peke yake, hakuna haja ya mtu kumkosoa mhadhiri. Anajionea mwenyewe kwamba mwanafunzi wake atasoma na kusikiliza kwa miezi minne bila kutenda lolote. Msanifu mmoja anaweza kuongoza meza kadhaa kwa wakati mmoja, na kadi hizo hutolewa bure.

Hata hivyo, dakika 90 huzaa mpango, hazizai somo. Maswali bado yanapaswa kutungwa na video kurekodiwa, na hapo mhadhiri hubaki peke yake iwapo chuo hakikuandaa violezo na mtu wa kumpigia simu. Aidha, vyuo vingi hupandisha vyeo kwa kuhesabu machapisho ya utafiti. Saa zilizotumika kulijenga somo hazihesabiwi popote.

Afrika Mashariki ilijaribu njia ya kugawana mzigo. Mradi wa PEBL, ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Jumuiya ya Madola, ulivikutanisha vyuo vya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Chuo kimoja kiliandaa somo, wahadhiri wake wakafunzwa usanifu, ubora ukakaguliwa, kisha vyuo vingine vikaweza kulitumia. Kwa mpango huo, chuo kisicho na mhadhiri wa fani fulani hakilazimiki kuanza na ukurasa mtupu, ingawa mhadhiri anayelipokea somo la mwenzake bado huhitaji muda wa kulirekebisha lilingane na wanafunzi alionao.