Khanga kwenye Kamba, Songwa

Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, jirani tu na Songwa. Mwaka 1947 likachimbwa jiwe la waridi la karati 54.5, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, akapewa zawadi ya harusi. Hayo yameandikwa sana. Mimi natafuta historia ya nje ya uzio wa mgodi: chumba kimoja, khanga kwenye kamba ikitenga kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto, kitambaa cha kufuma juu ya redio, kalenda ya mwaka juzi kwa kuwa picha yake nzuri. Jamani, huo nao ni urembo! Ila khanga ikichakaa inashushwa, inakuwa nepi, halafu tambara la kudekia. Haibaki ya kuweka makumbusho. Inabidi niwaulize kina bibi wangali hai.