Kericho Wagon Works: Karakana Iliyozaa Gurdwara

Kericho Wagon Works ilikuwa karakana ya useremala na uhunzi mjini Kericho, ikiendeshwa na mafundi Makalasinga, yaani Wasikh, waliotoka Punjab. Mahali ilipokuwa pamesimama leo gurdwara ambayo ni miongoni mwa mahekalu makubwa ya Kisikh katika Afrika Mashariki. Historia ya kiwanja hicho inaonyesha upande wa Kericho ambao hadithi ya majani chai, inayosimuliwa kila mara, huuacha nyuma.

Mji wenyewe ulikua kwa kuhudumia mashamba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani eneo kubwa la ardhi ya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mpango ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya muongo huo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi, kwenye nyanda zilizo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima.

Chai, mahindi, mbao na mashine vilihitaji usafiri. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, haikupita Kericho. Kituo cha karibu kilikuwa Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion. Barabara za udongo zilizokwenda huko, na zile za kuteremka kuelekea Sotik na Bomet, ziligeuka tope kila mvua iliponyesha. Katika hali hiyo gari la kukokotwa na maksai lilikuwa chombo cha kutegemewa, na gari lililovunjika ekseli njiani lilimaanisha mzigo kulala porini.

Hapo ndipo fundi wa Kihindi alipopata nafasi yake. Wahindi walizuiwa kumiliki mashamba katika Nyanda za Juu za Wazungu, sera ambayo serikali ya Uingereza iliithibitisha tena mwaka 1923. Walichoruhusiwa ni viwanja vya mjini. Kwa hiyo duka na karakana, ambazo mara nyingi hutajwa kama kipaji cha asili cha Wahindi, kwa kiasi kikubwa zilikuwa matokeo ya sheria.

Kazi ya gari la ng'ombe ilidai mafundi wawili katika mmoja. Seremala alichonga kitovu cha gurudumu kwa mti mgumu, akakipachika spoki, kisha akazizungushia vipande vya mbao vilivyopindwa vikafanya duara. Mhunzi naye alikunja pete ya chuma yenye kipenyo kidogo kuliko cha gurudumu. Pete ilichomwa motoni hadi ikatanuka, ikavishwa upesi kwa makoleo na nyundo huku mbao zikifuka moshi, halafu ikamwagiwa maji. Chuma kilipopoa kilisinyaa na kuzibana mbao zote kwa nguvu ambayo msumari hauwezi kuitoa. Kosa dogo la kipimo liliharibu gurudumu zima.

Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo na kuishi katika Kericho Wagon Works alikuwa Puran Singh, aliyezaliwa Punjab mwishoni mwa karne ya 19 na kuja Afrika Mashariki akiwa kijana. Alikuwa fundi, na wakati huohuo mtu wa ibada ambaye wengi walimwendea kwa ushauri. Jina la mji lilimganda: hadi leo Wasikh humwita Kerichowale, yaani wa Kericho.

Malori yalipoenea, magari ya ng'ombe yalitoweka polepole barabarani. Baada ya uhuru, sheria za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Waasia wasio raia, na maelfu wakahamia Uingereza. Puran Singh naye alikwenda huko, akaanzisha Birmingham jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Alifariki mwaka 1983.

Wafuasi wake hawakukiacha kiwanja kile. Walijenga hapo gurdwara pamoja na malazi ya wageni, na mahujaji huja kutoka Uingereza, India na kwingineko. Jiko lake, liitwalo langar, hupika chakula cha bure kwa yeyote aingiaye, awe Msikh au la: chapati, dengu, mboga na chai. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, hukaa chini na wenzake na kula. Hakuna anayeulizwa dini wala kabila, jambo lenye uzito katika eneo ambalo mashamba yake yalivuta vibarua kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, na ambalo liliumizwa na machafuko ya kikabila mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007.